Kutoka Mwanza mpaka Karema kwa barabara: panga siku tatu, ufike mzima

Kila mwaka lazima nipigiwe simu na mtu anayetaka kwenda Karema, huyu ana ndugu yake kule, huyu anafuata mzigo bandarini, huyu anataka tu kuliona Ziwa Tanganyika kwa macho yake, na swali huwa ni lile lile, "nikitoka Nyegezi alfajiri si nalala Karema?" Hapana, hulali Karema. Ni zaidi ya kilomita 800, unavuka mbuga za Shinyanga, unaingia kwenye pori la miombo la Sikonge na Mlele, unatokea Mpanda, halafu bado unashuka milima mpaka ziwani. Ukitaka kuilazimisha ndani ya siku moja au moja na nusu ndo unakuta mtu kalala porini, maji yameisha, simu haina chaji, halafu anakuja kusema ile njia mbaya. Njia siyo mbaya. Nimeipita mara nyingi kwa sababu shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa kule, na kitu nilichojifunza ni kwamba hii safari ni ya siku tatu: siku ya kwanza Tabora, ya pili Mpanda, ya tatu Karema. Ukikubali hivyo tangu nyumbani mengine yote yanakuwa mepesi.

Kabla hujakata tiketi: chagua mwezi

Sisi wa huku Mwanza tumezoea mvua za vuli, halafu katikati panakuwa na kanafasi, halafu masika. Kule siyo hivyo, kule mvua ikianza Novemba inaenda moja kwa moja mpaka Aprili, na kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kiangazi kikavu kabisa. Kwa hiyo kama safari siyo ya msiba wala ya haraka, nenda kati ya Juni na Oktoba. Mwanza mpaka Tabora ni lami, Tabora mpaka Mpanda kupitia Sikonge na Inyonga nako siku hizi ni lami, ambayo kwa kweli imebadilisha maisha ya watu wa Katavi, lakini kile kipande cha mwisho cha kushuka Karema mimi nimekipita kikiwa vumbi, na vumbi mvua ikinyesha ni tope, na tope kwenye mteremko wa mlima siyo kitu cha kujaribia bahati. Ukilazimika kwenda mwezi wa pili au wa tatu, ongeza siku mbili kwenye ratiba yako na umwambie unayemfuata kabisa kwamba huenda ukachelewa.

Mimi binafsi napenda mwishoni mwa Septemba. Miombo kipindi hicho inatoa majani mapya kabla hata ya mvua, na majani yenyewe yanaanza yakiwa mekundu, yaani unapita kilomita na kilomita pori lote lina rangi ya shaba, unaweza kudhani moto umepita kumbe ndo miti inaamka. Shida ya huo mwezi ni joto na mbung'o, nitakuja kwenye mbung'o.

Vitu vya kubeba

Begi liwe moja na liwe la kubebeka mgongoni, kwa sababu utabadilisha gari angalau mara mbili na ukifika stendi na masanduku matatu wapiga debe watakugawana. Ndani weka:

- Kitambulisho, NIDA au cha kura, na kopi yake sehemu nyingine. Katavi inapakana na Congo kwa ziwa, na ina historia ndefu ya makazi ya wakimbizi wa Burundi, Katumba na Mishamo, kwa hiyo kuulizwa kitambulisho njiani ni jambo la kawaida. Jibu kwa adabu, onyesha, endelea na safari.
- Maji lita tatu kwa kila mtu kwa kila siku ya kupita pori, siyo ile chupa moja ya nusu lita ya kununulia dirishani.
- Chakula kisichochacha. Hapa sisi Wasukuma Mungu alitupendelea, beba michembe na matobolwa. Viazi vitamu vilivyokaushwa havitaki friji wala kupashwa moto, matobolwa ukila na karanga za kukaanga unashiba mpaka jioni. Chipsi mayai ya saa mbili asubuhi ikifika saa nane mchana kwenye joto lile ni ugonjwa unaoutafuta mwenyewe.
- Nguo ya mikono mirefu na suruali ndefu, rangi ya khaki, ya udongo au kijani kilichopauka. USIVAE BLUU WALA NYEUSI. Siyo ushirikina, nitaeleza hapo mbele.
- Kitenge au khanga hata kama we ni mwanaume. Kinakuwa shuka, kinazuia vumbi, kinakuwa mto, na mama zetu wanajua matumizi mengine kumi.
- Pawabenki na tochi ndogo.
- Dawa zako za kila siku, za siku kumi na siyo tatu, ORS pakiti chache, kitu cha kutibia maji, na chandarua kama una sehemu ya kukiweka.
- Hela taslimu, noti ndogo ndogo, uziweke sehemu tatu tofauti. Wakala wapo hadi vijijini lakini wakala kuwepo na wakala kuwa na floti siku hiyo ni vitu viwili.

Unaenda na gari lako? Ongeza spea tairi mbili siyo moja, jeki na kipande cha ubao mpana cha kuweka chini yake, maana jeki kwenye mchanga inazama, halafu jembe, kamba ya kuvutia na dumu la maji ya rejeta. Jaza tanki Shinyanga, jaza tena Tabora, na ukikuta sheli Sikonge ongezea hata kama bado una nusu.

Siku ya kwanza: Mwanza mpaka Tabora, kama kilomita 360

Mabasi ya huko yanaanzia stendi ya Nyegezi. Nenda jana yake ukate tiketi mwenyewe dirishani, angalia jina lako limeandikwa vizuri, angalia namba ya siti, na omba siti ya katikati, siyo juu ya tairi na siyo ya nyuma kabisa. Kuna upande wa jua na upande wa kivuli, hii watu huwa hawaifikirii, unaelekea kusini kwa hiyo asubuhi jua liko kushoto kwako na mchana linahamia kulia, ukiondoka alfajiri ukafika mchana, kulia ndo pazuri.

Nauli halali LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanaitangaza, iulize kabla hujatoa hela, usimpe mtu wa njiani anayekukimbilia na kitabu cha risiti.

Njia yenyewe ni nzuri. Unayaacha mawe yetu, unapita Usagara, Misungwi, na taratibu nchi inalala chini inakuwa tambarare, unaanza kuona majaruba ya mpunga na udongo mweusi. Huo udongo mweusi ndo mbuga yenyewe, maana wageni wakisikia mbuga wanafikiria simba tu. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unanata kwenye tairi kama gundi, ndo maana ukiwa na gari lako usichepuke pembeni kula chini ya mti mvua imenyesha jana yake, utalia. Shinyanga, Tinde ambapo njia ya Kahama inachepuka, Nzega, halafu Tabora. Kwenye vijiji ni spidi 50 na watu wa tochi wapo, heshimu tu hiyo 50, pale kuna watoto wa shule na ng'ombe.

Treni nayo ipo, reli ya zamani ya Mwanza–Tabora, inapita Malampaka, Bukene, na kutoka Tabora kuna nyingine inaenda mpaka Mpanda, tawi lake linachepukia Kaliua. Haiendi kila siku, kwa hiyo nenda stesheni uulize siku za juma hilo kabla hujapanga kitu. Ni polepole kuliko basi ila kama una mzigo mkubwa au una wazee wanaotaka kunyoosha miguu, mimi ningewapandisha treni bila kufikiria mara mbili.

Ukifika Tabora, LALA TABORA. Hapa ndo penye moyo wa mwongozo wote huu, kwa hiyo niruhusu nikuambie kwa nini.

Mara yangu ya kwanza nilifika Tabora saa tisa alasiri, nikakuta basi linawaka injini, mpiga debe anasema Mpanda saa tatu usiku tuko ndani, mimi nikaona si ndo vizuri, kwanza naokoa hela ya gesti. Nikapanda. Tukaipita Sikonge, tukaipita Ipole, giza likaingia, na mbele kidogo gari likakata belti. Enzi hizo lami ilikuwa bado. Dereva akashuka na tochi, akarudi, akasema fundi mpaka asubuhi. Tulikuwa watu kama hamsini, watoto wachanga wawili, mtandao hakuna, na mimi nilikuwa na nusu chupa ya maji. Kukawa na baridi ambayo sikuitegemea, pori la miombo kiangazi mchana ni moto lakini saa tisa usiku unatetemeka. Kulipopambazuka mbung'o wakaingia madirishani kwa makundi, huwezi kufungua kwa sababu yao na huwezi kufunga kwa sababu ya joto. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, nilimsalimia "mwangaluka mayu" kwa sababu nilimsikia usiku akimbembeleza mjukuu wake kwa Kisukuma, akaitikia, akafungua fundo la khanga, ndani kulikuwa na matobolwa, akaanza kuyavunja vipande vipande kwa vidole na kugawa, kipande kimoja kwa kila mkono ulionyooshwa, watoto kwanza. Akanipa na mimi changu, akasema, "Kula baba, pori halina haraka." Fundi alifika saa tano asubuhi.

Tangu siku hiyo kila nikifika Tabora nalala. Na ujue kwamba tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo kisheria unaweza, lami nayo ipo, lakini pori halijapungua, ng'ombe wanalala barabarani kwa sababu lami ina joto, baiskeli za mkaa hazina taa, na gari likiharibika saa sita usiku hakuna wa kukusaidia kama angekuwepo saa sita mchana.

Kwa hiyo tafuta gesti safi isiyokuwa mbali sana na stendi, oga, kata tiketi ya kesho, halafu tembea tembea mjini jioni. Tabora ni mji wa miembe, imejaa barabarani, kivuli chake ni kizito mpaka kunakuwa na ubaridi, na huu mji ulikuwa njia panda ya misafara ya biashara ya karne ya 19, watu wa pwani, Wanyamwezi wapagazi, pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche. Unayoifuata kesho siyo mbali na njia ambayo watu walitembea kwa miguu kwa majuma mengi, wengine kwa hiari yao na wengine wamefungwa. Mimi huwa naikumbuka hiyo nikianza kulalamika kwamba siti ni ngumu.

Siku ya pili: Tabora mpaka Mpanda, kama kilomita 350

Ondoka na gari la alfajiri. Kunywa chai na chapati, usinywe maji mengi kwa mkupuo, kunywa kidogo kidogo njiani.

Sikonge unafika mapema tu. Hii ni nchi ya asali, utaona mizinga ya magogo imening'inizwa juu ya miti, na ya kuuza iko barabarani kwenye chupa na madumu. Ushauri wangu: asali nunua wakati wa kurudi. Ukinunua wakati wa kwenda utaizungusha siku nne na chupa moja ikipasuka kwenye begi utaijua. Baada ya Sikonge inakuja Ipole, na hapo ni njia panda ya kuwa nayo makini kama unaendesha mwenyewe, moja inaenda Rungwa kuelekea Chunya na Mbeya, nyingine inaenda Koga, Inyonga na Mpanda. Ukiwa hujui uliza, usifuate lori la mbele yako ukidhani lazima linaenda unakoenda.

Kabla hujatoka Ipole tuma meseji nyumbani, "niko Ipole, natarajia Inyonga saa fulani". Mbele mtandao unakuja na kupotea. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado Tabora.

Sasa hapa ndo pori lenyewe. Siyo msitu wa giza kama wa kwenye picha za Congo, ni miombo, miti imeachana kiasi kwamba jua linapenya, mitundu, mininga, majani makavu chini, halafu ghafla miti inaisha unatokea kwenye uwanda wa nyasi wenye maji katikati au alama za maji, halafu miti tena. Daraja la Koga ndo mpaka wako wa Tabora na Katavi. Ukipita pale kiangazi utashangaa mbona maji ni kidogo hivi, lakini mvua zikikolea lile bonde linajaa, wenyeji wa siku nyingi watakusimulia miaka ambayo watu walikaa upande mmoja wakisubiri.

Mambo mawili ya kuzingatia hapa.

La kwanza, kuchimba dawa. Basi likisimama konda atasema wanaume kulia wanawake kushoto, nawe fuata hivyo hivyo. Usiende mbali. Mita kumi zinatosha, hakuna mtu anayekuangalia, kila mtu ana shida zake. Gonga gonga mguu chini unapotembea, angalia unapokanyaga na usichuchumae kwenye kichuguu wala kwenye gogo lililooza, hapo ndo nyumbani kwa nyoka. Mama zetu waende wawili wawili na kitenge chao. Tembo na wanyama wengine wapo, ukiona kinyesi kibichi cha tembo rudi kwenye gari, umalizie mbele. Ikitokea mtu kaumwa na nyoka msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana damu. Mlazeni, mfungieni huo mguu kipande cha mti usicheze, na gari liondoke kwenda hospitali muda huo huo.

La pili, mbung'o, wengine wanawaita ndorobo. Ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani, na utamjua kwa mabawa yake, akitua anayalaza moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Anauma kwa kuchoma, hata juu ya jinzi anapenya, na ukimpiga kofi la kawaida anaruka anaondoka zake, dawa yake ni kumkandamiza na kumsugua. Anaona kitu kinachotembea na kukifuata, ndo maana anakimbizana na magari, na anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, utaona hata mitego yake imetengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa porini. Sasa we vaa bluu uone. Dawa za kupaka za mbu kwake hazisaidii sana, kinachosaidia ni nguo ndefu nzito kidogo za rangi iliyopauka na madirisha kufungwa sehemu zenye wengi. Usiku hana shida, shida yake ni mchana.

Wengi wanaumwa na mbung'o na hawapati chochote zaidi ya kuwashwa. Lakini malale, ambao mbung'o ndo anaueneza, ni ugonjwa wa kweli, kwa hiyo ukirudi Mwanza ukapata homa ndani ya wiki chache, kichwa, tezi kuvimba, au pale ulipoumwa pakawa na uvimbe mgumu wenye kidonda, nenda hospitali na uwaambie kwa mdomo wako, "nimepita pori lenye mbung'o Tabora na Katavi". Usipowaambia watapima malaria tu. Na malaria yenyewe pia ipo, usidharau, lala kwenye chandarua.

Inyonga mnapumzika, kuna chakula, kuna watu wetu wengi. Yaani hii utaishangaa, kuanzia Tabora mpaka ndani ya Katavi unasikia Kisukuma kila sehemu, wazee walihama na ng'ombe kutafuta malisho miongo mingi iliyopita na wajukuu wao wamezaliwa huku. Salimia. Asubuhi "mwangaluka", jioni "mwadila", mtu mzima umpe shikamoo yake. Umekwama huna pa kulala au huna hela, hii salamu inafungua milango ambayo simu haifungui.

Mpanda mnaingia mchana au alasiri. Ni makao makuu ya mkoa wa Katavi tangu mkoa ulipoanzishwa 2012, una benki, hospitali, maduka, kwa hiyo toa hela ya kutosha hapa, chaji kila kitu, lala.

Kama una siku moja ya ziada usiniache bila kwenda Sitalike. Ni kama kilomita 35 hivi kusini, barabara ya Sumbawanga, kijiji kiko mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Kiangazi mto Katuma ukikauka viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, mamia, wamelaliana kama magunia, na wengine unawaona hapo hapo kwenye daraja la kijiji bila kuingia hifadhini. Simama juu, usishuke kwenye kingo. Kiboko majini anaonekana mzembe, nchi kavu anakimbia kukuzidi. Sisi wa ziwani tunamjua, lakini kule wako wengi mno na wana hasira ya kukosa maji.

Siku ya tatu: Mpanda mpaka Karema

Zaidi kidogo ya kilomita 110, na ni siku nzima ukiihesabu vizuri. Magari yanaondoka asubuhi, mara nyingi ni vigari vidogo au Coaster, na yanaondoka yakijaa. Uwahi. Uliza jioni ya jana pale stendi gari la Karema linapakia wapi na hali ya njia ikoje, waulize madereva wawili tofauti. Wakikwambia jana magari yamekwama, amini, kaa Mpanda, kula wali wako, nenda kesho.

Mdomo na pua funga kitenge, begi livike mfuko wa nailoni kabla halijapanda juu ya keria. Njia inapita vijiji, mashamba ya mahindi, miombo tena, inapanda milima halafu inaanza kushuka kuelekea Ikola na Karema. Ziwa letu la Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika liko kama 770, kwa hiyo kweli unashuka, masikio yanakwambia, na joto linaongezeka. Gari lishuke kwa gia nzito, siyo kwa breki. Dereva akiachia gari liteleze mwambieni wote kwa pamoja, kwa heshima lakini mwambieni.

Halafu kuna kona moja unaliona ziwa. Mimi nimezaliwa ziwani, nimekulia kwenye maji, lakini rangi ile sijaizoea mpaka leo. Letu hata sehemu ya kina kirefu ni kama mita 80 tu, lile linafika mita 1,470, na ule weusi wa bluu unaouona ni kina. Ng'ambo siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Congo.

Ukifika Karema nenda kasalimie wenyeji wako kwanza, na kama huna mwenyeji nenda ofisi ya kijiji ujitambulishe, ni heshima na ni usalama wako. Gesti ni za kawaida, uliza maji na chandarua kabla ya bei. Maji ya kunywa chemsha. Kuoga ziwani oga wanapooga wenyeji, mamba wapo, na alasiri upepo ukianza usipande mtumbwi wa mtu hata akikubembeleza. Wewe wa Ukerewe au Kome usiseme nimezoea, mawimbi ya lile ziwa yanainuka haraka sana.

Utakayemuuliza atakuonyesha misheni. Wabelgiji walijenga ngome hapa 1879, ikapewa mapadre wa White Fathers 1885, na hapo ndo alikofanya kazi Adrian Atiman, kijana aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na akatibu watu wa pwani hii mpaka alipofariki 1956. Zaidi ya miaka 60 sehemu moja. Shangazi anasema mama mkwe wake alitibiwa naye, na anamtaja kama mtu anavyomtaja babu yake. Kaa hapo nusu saa, siyo lazima uwe mkristo.

Kurudi

Njia ni ile ile kwa kugeuza, gari la asubuhi kutoka Karema, lala Mpanda, lala Tabora. Asali nunua Sikonge sasa, chagua dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, lifunge nailoni mara mbili, na onja kwanza, asali ya miombo ya kweli inakuwa na kaukali kadogo kooni mwishoni.

Samaki ni migebuka na dagaa wao. Shangazi hunifungia migebuka iliyokaushwa kwa moshi, anatandika magazeti chini ya boksi, safu ya samaki, gazeti, safu nyingine, anatoboa matundu pembeni ili visivunde, halafu anafunga kamba ya katani. Usifunge kwenye nailoni, inatoa jasho na siku ya pili inanuka. Kwenye basi konda atakwambia boksi liende buti, kubali, ila liandike jina lako kwa maka pembe zote nne na uwe wa kwanza kushuka mkifika Nyegezi.

Na safari ijayo mpelekee dagaa wetu wa Mwanza, wale wakavu wa juani wasiokuwa na mchanga. Mwaka juzi nilimpelekea shangazi kilo tano, nikampa shikamoo akaitikia huku tayari mkono uko ndani ya mfuko, akatoa dagaa mmoja, akamtafuna mbichi hivyo hivyo amesimama mlangoni, akasema, "Huyu ni wa nyumbani."